Nyumba Niliyoiruka

Kaskazi ilipoanza kuvuma mwaka ule, sikuweza kukaa chini. Nilikuwa nikishona makuti uani kwetu, na kila nikimaliza mawili matatu nainuka, nazunguka nyumba, nanusa hewa, narudi. Wadogo zangu waliniangalia tu. Yule anayenifuata aliwaambia wenziwe, "Dada amekuwa kuku anayetafuta pa kutagia." Wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikainuka tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kike wa miaka kumi na saba, aliyekuwa akijifunza cherehani, mdogo wetu wa kiume wa miaka kumi na minne, na kitinda mimba, msichana wa miaka minane. Baba alifariki kwanza, na mama akamfuata mwaka wa pili wake. Shule niliiachia darasa la sita, mama alipoanza kuugua, nikaishika kazi yake ya makuti: kukunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyashona kwa ung'ong'o, moja baada ya jingine, mpaka vidole vife ganzi.

Siku ya kuondoa matanga ya mama, watu wazima walikaa barazani kutugawana. Walizungumza kwa upole, kama wanavyogawana sahani za kuazima shughuli ikiisha. Baba mdogo, ambaye shamba lake liko Tezo, angewachukua wawili. Shangazi wa Marafa angemchukua yule mdogo. Mimi ningetafutiwa mume. Nilitoka ndani nikasimama mbele yao, nikasema hatugawanywi, sote tutabaki hapa, nami nitawalea. Shangazi aliziba mdomo kwa kanga. Baba mdogo akasema:

"Haya, binti. Lakini siku nikisikia nyumba hii imekushinda, nakuja na gari, na sitamuuliza mtu."

Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu aseme hivyo. Hakuna siku niliyosahau.

Mtaa wetu ulikuwa nyuma ya barabara ya malori, Malindi. Hoteli zilikuwa zikijengwa huku na huku ufukweni, na karibu kila mtu mtaani alizitengenezea kitu. Maseremala walitengeneza vitanda na milango. Fundi wa kuchomea vyuma alitengeneza madirisha. Mimi nilishona mapaa. Katikati ya kazi hizo watu walipika, wakalala, wakazaa. Upande unakotoka kaskazi kulikuwa na tanuri la mikate. Baada ya tanuri, ua mkubwa wa maseremala. Baada ya ua, wigo wa makuti makuukuu, na nyuma ya wigo ndipo ilipokuwa nyumba yetu. Kutoka kwetu ilifuata safu ya nyumba za udongo, zote za makuti, upenu wa hii ukigusa upenu wa ile mpaka barabarani. Hatukuezeka makuti kwa kupenda baridi yake. Nyumba zilikuwa zetu, ardhi haikuwa yetu, na mwenye ardhi hakutaka mtu ajenge kwa mawe wala aezeke mabati, asije akaota mizizi.

Mwaka huo mtaa mwingine, ng'ambo ya soko, uliungua mchana kweupe. Hakufa mtu, lakini watu walibaki na nguo walizovaa. Wiki chache baadaye likaja neno kwamba bwana mmoja wa ofisi ya mji atapita kila mtaa wenye karakana ili aandike hatari za moto. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye soksi ndefu na daftari la jalada gumu. Hakujua nyumba ipi ya nani, na watu walimjibu shikamoo zake kisha wakanyamaza. Mzee wa mtaa akaniita.

"Wewe unajua kuandika, na unajua hata kuku wa kila mtu," aliniambia. "Mtembeze. Umshikie na hiyo tepu yake."

Nilitembea naye siku tatu. Siku ya kwanza niliona haya. Siku ya pili nilianza kuipenda kazi. Alikuwa na njia yake ya kuangalia. Alisimama mahali, kisha ananiuliza, "Dada, hapa nini itawaka? Nani ataiwasha? Ikiwaka, itaenda wapi?" Halafu anachomoa leso mfukoni, anaishika kwa ncha mbili, anaangalia upepo unaipeleka wapi. Nikajibu, naye akaniachia daftari niandike. Mwandiko wangu ulikuwa wa darasa la sita, lakini ulisomeka.

Kwa maseremala tulikuta maranda yamefika magotini. Fundi mkubwa, mtu wa maneno mengi, alikuwa akipiga randa huku sigara imening'inia mdomoni.

"Hiyo sigara, ukimaliza unaizima wapi?" bwana wa ofisi akamuuliza.

"Naikanyaga kwa kiatu, mzee."

"Kiatu iko wapi?"

Fundi akatazama miguu yake mitupu, na vijana wake wakaangua kicheko. "Kiko kwa mke wangu," akasema. "Mwandike na yeye. Yule ndiye hatari, mimi moshi tu."

"Na hizi makopo?"

"Vanishi. Na hiyo ya kuyeyushia rangi. Lakini mtu akiziiba tutajua, tunanusa."

Kwa mama muuza mihogo, jirani yetu wa tatu, karai la mafuta lilichemka chini ya upenu, na moshi ulikuwa umelipaka paa masizi. Bwana akapima kwa tepu kutoka jikoni hadi kwenye makuti. Mama akamtazama mpaka akamaliza.

"Umepata urefu? Basi sema, mwanangu, niushushe moto au nilipandishe paa?"

"Ingefaa usogeze jiko, mama."

"Niusogeze moto wapi? Kwa mwenzangu? Yeye naye atausogeza wapi?" Kisha, akinigeukia mimi, "Na wewe ndiye unayeandika? Andika vizuri. Andika kwamba moto huu ndio mume wangu, akizimika sili."

Bwana aliuliza makuti yakishika moto huchukua dakika ngapi, na mama akamwambia hajawahi kungoja ahesabu. Aliuliza maji ya kuzimia hutoka wapi. Nilimweleza kwamba kwetu nyumba ya makuti haizimwi kwa maji, maji yenyewe ni ya kuteka kwa madebe. Watu hukimbilia pembo, zile fimbo za ndoano za kuangulia matunda, wakaivua paa nyumba ambayo bado haijawaka, ili moto ukifika ukose chakula.

"Na mnajuaje ni nyumba gani ya kuvua?"

"Inayofuata," nikasema.

Aliandika hilo mwenyewe, kwa mkono wake.

Siku ya tatu, alipokuwa amekaa kwenye tofali akinywa maji, alinieleza kitakachofanyika. Kila atakayeandikwa ana vitu vya kuwaka karibu na nyumba za watu ataletewa barua, aviondoe. Asipoviondoa, nyumba au karakana yake itabomolewa kabla ya kaskazi kukolea. Alisema bila ubaya, kama anayesema mvua itanyesha. Nyumba iliyobaki kuandikwa ilikuwa yetu.

Nyuma ya nyumba yetu, kati ya ukuta na wigo wa maseremala, nilikuwa na makuti mia kadhaa yaliyopangwa kama ukuta wa pili, makavu, yakingoja lori la hoteli. Hayakuonekana kutoka mbele. Nilimpitisha mbele. Alihesabu mlango mmoja na madirisha mawili, akaona jiko letu liko mbali, uani, akapendezwa nalo. Nikaandika: watu wanne, jiko nje.

"Na nyuma?" akauliza.

"Nyuma ni ua wa mafundi. Tushauandika."

Ilikuwa kweli. Akafunga daftari, akanishukuru kwa mikono miwili, akasema angepata msichana kama mimi katika kila mtaa kazi ingekwisha upesi. Nilisimama mlangoni nikimwona anakwenda, na tangu saa ile miguu yangu haikutulia.

Kilichonisumbua si uongo peke yake. Alikuwa amenifundisha kuangalia, na sikuweza tena kuacha. Niliona mambo ambayo yeye hakuyaona, kwa sababu alikuwa akija saa nne na kuondoka kabla ya alasiri. Kwetu moto hanyimwi mtu. Alasiri, mwoka mikate akishatoa mikate ya jioni, hukokota makaa mlangoni mwa tanuri, na wanawake na wasichana wa mtaa mzima huenda kupalia moto: kila mmoja na kifuu chake cha nazi au kigae, anachukua makaa mawili matatu, anarudi kuwasha jiko lake bila kugusa kiberiti. Mama alifanya hivyo, na mama yake kabla yake. Na njia ya mkato kutoka tanurini ilikatisha ua wa maseremala, juu ya maranda. Nilikaa alasiri moja nikahesabu vifuu ishirini na vitatu vikipita, vinafuka, upepo ukivipuliza kutoka mgongoni. Upepo ulikuwa ukienda kwetu. Moto ukianza uani, wigo ungeupokea, na nyuma ya wigo ungekuta makuti yangu, kisha safu nzima.

Nilimkataza mdogo wangu kwenda tanurini. Nikanunua viberiti.

"Dada, umekuwa afisa?" akasema. "Bado soksi."

Nilisimama kwenye njia ya mkato nikamwomba mama muuza mihogo azunguke barabarani. Alinitazama kama niliyemvua kanga.

"Njia hii nimeipita kabla mama yako hajaolewa. Leo wewe ndiye unanionyesha pa kupita? Kwanza sema makuti yako yale umeyaandika?"

Nilimpisha. Yeye alikuwa akiyaona kila siku kutoka kwake. Wote walikuwa wakiyaona. Hakuna aliyenisema kwa bwana wa ofisi, na hilo liliniuma kuliko kama wangenisema. Waliniachia kwa sababu ya wadogo zangu.

Nilijaribu kuyahamisha. Niliyasogeza mbele, yakaziba mlango. Niliyarudisha nyuma. Niliyafunika kwa magunia niliyoyalowesha, na kaskazi ikayakausha kabla sijamaliza kulisha kuku. Nilimwendea dereva wa lori, naye akasema hoteli haijafika paa, ningoje. Nilikuwa nikishona mapya huku nikiyaogopa ya zamani, maana nisiposhona hatuli. Nilikuwa nikitazama mikono yangu ikiongeza rundo.

Alasiri moja kiberiti kiliisha. Mdogo wangu wa cherehani alikuwa bado hajarudi, kitinda mimba alikuwa na njaa na amenuna, uji haujawekwa. Nikachukua kifuu nikaenda tanurini mwenyewe. Nilijiambia nitazunguka barabarani. Nilipotoka na makaa yangu matatu nikamsikia kitinda mimba ananiita kwa kulia, na miguu ikakata njia ya ua kama ilivyozoea tangu utotoni.

Sikujikwaa. Upepo tu ulivuma kwa nguvu, nikageuza kifuu kukikinga, na kaa moja likadondoka. Nililiona lilipo. Niliinama kuliokota kwa kijiti, na kabla sijalifikia maranda yakafanya sauti kama mtu anayevuta chai ya moto, yakashika. Moto wa maranda mchana hauonekani. Niliona hewa inatikisika na weusi unatambaa kuelekea wigoni. Nilipiga kelele. Fundi mkubwa na vijana wake walikuja na mchanga kwa mapipa na kwa mikono, mmoja akaupiga kwa gunia, mwingine akang'oa kipande cha wigo kilichoanza kufuka akakitupa katikati ya ua. Haikuchukua muda. Palibaki doa jeusi lenye umbo la samaki, na harufu.

Wakaanza kucheka kwa kuponea chupuchupu.

"Afisa ametuchoma!" fundi mkubwa akasema, anahema, jasho linamtoka. "Jamani, aliyetuandika ndiye aliyetuwasha!"

"Lete daftari, afisa, jiandike!"

Nami nilicheka, kifuu mkononi, makaa mawili bado yamo. Kisha nikachungulia pale wigo ulipong'olewa. Makuti yangu yalikuwa pale pale, meupe, yamepangwa vizuri. Nilipima kwa hatua, kama nilivyofundishwa, kutoka mwisho wa doa jeusi. Hatua nne. Nyuma ya hatua hizo nne kulikuwa na ukuta wa chumba, na ndani ya chumba mtoto wa miaka minane alikuwa ameacha kulia, amelala.

Asubuhi yake nilikwenda ofisini. Bwana alinikaribisha kiti. Nikamwambia kuna nyumba niliyoiruka.

"Ya nani?"

"Yetu."

Hakunikaripia. Alifungua daftari, akatafuta ukurasa wenye mwandiko wangu, akanipa kalamu. Nikaandika chini ya ile mistari yangu ya kwanza: makuti makavu nyuma, kati ya ukuta na wigo. Nikaandika na njia ya makaa, na saa zake. Alisoma, akauliza, "Watu wanapita na moto mkononi? Kila siku?" Nikasema kila siku. Akavua miwani. "Na mimi nilikuwa naandika sigara," akasema.

Barua zilifika upesi, yangu na ya maseremala siku moja. Wao waliambiwa wayazoe maranda kila jioni na kuziba ile njia. Mimi niliambiwa makuti yatoke, na nisishone tena ndani ya mtaa. Nyumba haikuguswa. Niliisoma barazani, nikaikunja, nikaifungua, nikaisoma tena. Nisishone ndani ya mtaa: basi nishone wapi?

Siku ya nne baba mdogo akaja na pikapu ya kuazima. Sijui nani alimpelekea habari. Hakuingia ndani. Alipokea shikamoo za watoto mmoja mmoja, akasema, "Marahaba, marahaba. Fungeni nguo zenu."

Mdogo wetu wa kiume alinitazama. Kitinda mimba alinishika nguo.

"Hawafungi nguo, baba," nikasema.

"Binti, nilikwambia sitauliza. Nimesikia moto, nimesikia barua. Si aibu. Imekushinda."

"Nyumba haijanishinda. Yanayotakiwa kutoka ni makuti. Tezo kuna uwazi, na minazi ni yako. Yapakie hayo. Nitashonea kwako, mbali na watu, na lori la hoteli litapita huko huko barabarani."

"Kwangu? Na hawa?"

"Hawa wako kwao."

"Atakaa nao nani? Huyo upepo?"

"Mimi," akasema mdogo wangu wa cherehani. Alikuwa amesimama mlangoni, uzi umemning'inia begani. Hatukuwa tumekubaliana. Hata hatukuwa tumezungumza.

Baba mdogo akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Ulisimama mbele ya wazee wote ukasema hamgawanywi."

"Hao watatu hawagawanywi. Ninayeondoka ni mimi. Nitarudi kila Jumamosi."

Nilidhani atapandisha sauti. Akalivua koti lake akalitundika kwenye mlango wa gari, akasema hataki kufika Tezo usiku, tuanze. Maseremala walikuja kusaidia bila kuitwa. Walijipanga kutoka nyuma ya nyumba hadi kwenye gari, makuti yakipita mkono kwa mkono, na fundi mkubwa akipiga kelele, "Taratibu, huu ni mzigo wa afisa!" Mama muuza mihogo alileta mihogo kwenye gazeti akaniwekea mapajani nilipokaa mbele. Alinibonyeza bega akaenda zake.

Kitinda mimba alikataa kuniaga. Alikuwa amekwenda kusimama nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na rundo, ananipa mgongo, anafagia udongo kwa nguvu nyingi. Mdogo wetu wa kiume alifunga mlango wa nyuma wa pikapu, akaupiga mara mbili kama kondakta.

Yule wa cherehani alikuja dirishani kwangu. Alinipa kikapu chenye kanga mbili na sabuni, akaanza kunihesabia: nisilale bila kula, ninywe maji, vidole nivipake mafuta ya nazi kila jioni, nisiamke kila saa kunusa kama mbwa, huko hakuna tanuri. Alisema kwa ukali, haniangalii usoni, kama nilivyokuwa nikisema naye miaka yote ile.

"Umenisikia?" akauliza.

"Nimekusikia, dada," nikamjibu, na baba mdogo akawasha gari.